Mwezi mnao tayari, sasa mtafutieni mlima wake

Swali: Shikamoo. Tunaishi Tabata, mimi na mume wangu, watoto wawili wa miaka 7 na 12, na mama mkwe mwenye miaka 64. Kila likizo tunaishia Kigamboni au Bagamoyo. Mwaka huu tumeweka akiba twende milimani. Mume wangu anataka Juni kwa kuwa hakuna mvua, wifi yangu anasema Desemba ndiyo milima inapendeza, na mimi naona Pasaka ingekuwa rahisi kupata ruhusa kazini. Mtoto mdogo yeye anataka kugusa theluji. Twende lini, na wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Karibu kila familia ninayoisindikiza kutoka hapa Dar huanza kwa kuniuliza mwezi mzuri wa kwenda mlimani. Lakini mwezi umeshapangwa na shule za watoto na mabosi wenu. Kilichobaki mikononi mwenu ni kuchagua mlima, na hapo mna uhuru mkubwa, maana milima yetu hainyeshewi kwa wakati mmoja wala kwa kiasi kimoja. Ukishajua mlima upi unakuwaje katika mwezi mlio nao, ubishi wa Juni na Desemba unakwisha wenyewe.

Kwanza tuachane na kalenda ya Dar. Sisi huku tunaujua msimu kwa mvua na joto tu. Mlimani kuna ukungu na baridi pia, na hivyo havifuati mvua ya Dar. Mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi yakifika Uluguru au Usambara hulazimika kupanda, yakipanda yanapoa, yakipoa yanamwaga maji. Upande wa mashariki wa Uluguru, ule unaotazama bahari, kuna sehemu mvua ya mwaka inakaribia milimita 3,000, zaidi ya mara mbili ya inayonyesha Dar. Mji wa Morogoro uko mgongoni mwa mlima huohuo na unapata kidogo sana kuliko hiyo. Maji yale ndiyo yanayoshuka kuwa Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaojaza mabomba yetu mjini. Kwa hiyo mtu akikuambia "Julai hakuna mvua", muulize anazungumzia upande gani wa mlima. Kusi inapovuma katikati ya mwaka, Dar inakuwa kavu na ya kupendeza, huku miteremko inayotazama bahari ikiamka na manyunyu.

Nianze na Pasaka, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoikataa. Pasaka haianguki kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25. Ukiongeza Siku ya Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26 na Mei Mosi, utaona kwamba sikukuu zinazotushawishi zaidi kusafiri zimejipanga katikati ya masika. Mwaka mmoja nilikubali kushawishiwa. Tulikuwa watu tisa, tukapanda Uluguru kutokea Morogoro mwezi wa Aprili, asubuhi jua linawaka. Saa sita mvua ikashuka. Udongo wa kule ni mwekundu wa mfinyanzi. Mguu wa kwanza unaulainisha, wa pili unaung'arisha, wa tatu unateleza. Mwongozaji wetu alikuwa mbele na jembe la kuazima, anachimba kingazi kimoja, anatukanyagisha, anachimba kingine. Tulitarajia kushuka saa tisa alasiri. Tulifika barabarani saa mbili usiku, na binti mmoja wa miaka minane alikuwa anatetemeka mpaka hawezi kushika kikombe. Hakuumia mtu, nashukuru. Ila kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sipandishi mtoto mlimani katika masika.

Kuna zaidi ya utelezi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Ilikuwa Desemba, katika vuli iliyozidi kiasi, kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi kutuambia mlima uko salama. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, halafu hutoa tahadhari za siku chache kabla ya mvua kubwa. Sikilizeni zote mbili. Ikitoka tahadhari ya mvua kubwa kwa mkoa mnaokwenda, ahirisheni, hata kama mmeshalipia chumba. Fedha ya chumba inauma, lakini barabara ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, kule Usambara, huangukiwa na mawe na udongo mvua zikizidi, na gari lenu litakuwa katikati ya kona hizo.

Kama lazima mtoke Pasaka, pandeni treni ya SGR mwende Morogoro, chini ya saa mbili mmefika. Stesheni iko nje kidogo ya mji, kwa hiyo wekeni nauli ya bajaji. Laleni mjini, mle mboga na matunda ya mlimani, mwutazame mlima asubuhi mawingu yakiwa hayajaufunika. Wenyewe wanauita mji kasoro bahari, na kwa siku mbili mtaelewa kwa nini. Msipande.

Sasa Juni. Hapa mume wako ana hoja nzuri, ila hajamaliza hesabu. Mvua inapungua kweli kuanzia mwisho wa Mei. Kinachokuja badala yake ni kipupwe. Kadiri unavyopanda mita 1,000, joto hushuka kwa kama nyuzi 6. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo toa nyuzi 8 au 9 kwenye usiku wa Dar, na usiku wa Dar wa Julai nao umeshapoa. Mtakuwa mnalala kwenye nyuzi 10 hivi, au chini yake mkikaa juu ya mji upande wa Magamba. Kwa mtu wa Tabata aliyezoea kulala na feni, hiyo ni baridi ya kuingia mifupani.

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai kule Lushoto. Nilifungua mlango saa moja, ukungu ukaingia ndani kama moshi wa jikoni. Mti wa mparachichi uliokuwa hatua kumi kutoka kibarazani haukuonekana. Shuka ziligusika kama zimetoka kuanuliwa kabla ya kukauka. Mtoto wa familia niliyokuwa nayo alikuwa amekaa kitandani amevaa soksi mikononi. Mama yake alikuwa na huzuni, anahesabu fedha zilizopotea. Nikamwomba asubiri. Saa nne na nusu ukungu ukaanza kupasuka, saa tano bonde lote likawa wazi, kijani kitupu, na jua la kuota. Lushoto ya Juni na Julai huwa hivyo siku nyingi: asubuhi ni ya kulala na chai, kuanzia saa tano mpaka saa kumi na moja ndiyo ya kutembea. Anayepanga safari ya saa moja asubuhi kama tunavyofanya mbugani atatazama ukungu tu.

Na kwa mama mkwe, Lushoto haina mpinzani. Irente iko kilomita chache kutoka mjini, gari linafika karibu na ukingo, hahitaji kupanda popote. Anakaa, chini yake mwamba unashuka mamia ya mita, na anaona mashamba ya mkonge ya Mazinde, barabara ya Arusha nyembamba kama uzi, na nyika ya Wamasai inayopotelea mbali. Upande ule unatazama bara, umeipa bahari mgongo, ndiyo maana ni mkavu kuliko pengine. Wakati huohuo mume wako anaweza kuwachukua watoto na mwongozaji wakaingia msitu wa Magamba, wakawatafute mbega juu ya miti. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mnalipia kiingilio kwa viwango vya Mtanzania, kwa hiyo bebeni vitambulisho vya NIDA na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Hapa nataka unisikilize kwa makini, dada yangu, kwa sababu ndilo jambo linaloninyima usingizi kila kipupwe. Chumba kikiwa cha baridi, mtu mwema wa pale atawaletea jiko la mkaa liwape joto, na ninyi mtashukuru, mtafunga dirisha na kulala. Msikubali. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo. Anazidi kusinzia mpaka basi. Niliwahi kuitwa usiku kwenye nyumba moja ya wageni ambako wenyeji walikuwa wamewawekea wageni jiko ndani. Mzee mmoja alijikokota mpaka mlangoni, ndiyo ikawa salama yao wote. Jiko likae nje. Joto la usiku mlitafute kwenye blanketi, soksi, mzula kichwani, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri mkaiweka miguuni. Kabla ya kulipia chumba ulizeni mambo mawili: kila kitanda kina mablanketi mangapi, na maji ya moto yanapatikana saa ngapi. Ukijibiwa "yapo" tu, uliza tena saa ngapi.

Nguo msinunue dukani kwa bei ya juu. Nendeni mitumba ya Karume mapema, hata Februari wakati Dar inachemka na hakuna anayegusa sweta. Kila mtu apate sweta zito moja, koti lisilopitisha upepo, na soksi za sufu jozi tatu. Watoto wavae nguo nyepesi mbili tatu juu ya nyingine. Wakitembea wanatoa jasho, na jasho likipoa mgongoni ndilo linalowatia baridi. Ndala waziache nyumbani.

Kilimanjaro katika Juni na Julai ni habari nyingine. Wanaopanda mpaka kileleni wanaipenda miezi hii, kwa sababu wakishavuka msitu wanakuwa juu ya mawingu, kumetulia, nyota kila usiku. Ila anayebaki chini, Moshi au Marangu, yuko chini ya mawingu hayohayo. Nimewaona watu wakikaa siku tatu Moshi mwezi wa Julai, wakarudi Dar bila kuuona mlima wenyewe. Kwa kuwa ninyi hamwendi kileleni, Juni siyo mwezi wenu wa Kilimanjaro.

Wifi yako naye hakukosea. Desemba milima inapendeza kwa sababu vuli imeshaiosha. Huko Lushoto plamsi na fyulisi zinakuwa zimeiva, watoto wanauza barabarani kwa ndoo ndogo, na baridi imelegea kiasi kwamba mama mkwe ataoga bila kulalamika. Mvua bado zipo, hasa mwanzoni mwa mwezi, lakini mara nyingi hazinyeshi kutwa kama masika. Asubuhi inakuwa njema, wingu linajikusanya mchana, linamwaga jioni. Ratiba inageuka: Juni mnatoka saa tano, Desemba mnatoka saa moja na mnarudi kabla ya saa nane.

Shida ya Desemba iko Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli. Wachagga wanakwenda nyumbani kula Krismasi, na kuanzia katikati ya mwezi mabasi ya njia ya kaskazini yanajaa. Mombo iko njia hiyohiyo, kwa hiyo msidhani Lushoto imewaepusha. Kateni tiketi ya kwenda na ya kurudi mapema, mpitie ofisi ya basi yenyewe, kamwe msinunue kwa kijana anayewafuata getini. Kama mna gari, ondokeni alfajiri ili Chalinze muwe mmeipita kabla malori hayajazagaa.

Mkipata tiketi, basi Desemba ndiyo nafasi yenu ya Kilimanjaro. Marangu inakuwa na watu, kila boma lina wageni, na asubuhi saa kumi na mbili, kabla mawingu hayajapanda, Kibo, kilele kikuu cha mlima, inajitokeza nyeupe. Kuna matembezi ya siku moja kutoka geti la Marangu mpaka kituo cha Mandara, mita 2,720, kama kilomita 8 kwenda, ndani ya msitu mtupu wenye miti iliyoota kuvu zinazoning'inia kama ndevu, na mbega. Mwenye nguvu akifika Mandara anaongeza robo saa mpaka kreta ya Maundi, na siku ikiwa wazi anaona mpaka Kenya. Mtoto wa miaka 12 aliyezoea kutembea ataweza. Wa miaka 7 mpimeni kwanza, nitakueleza namna. Mama mkwe abaki Marangu akionjeshwa kahawa, na kama ana presha amwone daktari kabla ya safari yoyote ya juu, hata hiyo ya Lushoto.

Januari na Februari ingekuwa chaguo langu la kwanza kabisa: kiangazi, Dar haikaliki, mlima mara nyingi uko wazi. Ila shule zimefunguliwa, kwa hiyo nawaachia wasio na watoto. Mwisho wa Septemba hadi Siku ya Nyerere, Oktoba 14, pia ni wakati mzuri kwa safari fupi; ukungu umepungua na vuli haijaanza kwa nguvu.

Theluji sasa. Mweleze mwanao ukweli kabla hamjaondoka, asije akalia getini. Barafu ya Kilimanjaro iko juu sana, kwenye vilele vya Kibo, juu kabisa ya kituo cha mwisho kilichoko kwenye mita 4,700 hivi. Huko hewa ni nyepesi na mwili unateseka, ndiyo maana kanuni ya hifadhi hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Na barafu yenyewe inapungua: tangu ilipopimwa mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imeyeyuka. Theluji mpya huanguka zaidi wakati wa mvua, kwa hiyo mlima wa Desemba au Januari mara nyingi ni mweupe kuliko wa Septemba. Mwonyesheni kutoka Marangu. Kuigusa kutasubiri.

Kuna mahali pamoja ambapo mtoto wa miaka 7 anaweza kugusa kitu cha jamii hiyo, nako ni Kitulo, nyanda za juu kusini. Uwanda ule uko kama mita 2,600, na katika Juni na Julai kukipambazuka majani yanakuwa yamevikwa sakitu, barafu nyembamba inayovunjika ukiikanyaga. Lakini Kitulo tuliyoipa jina la Bustani ya Mungu, ile ya maua na okidi, ni ya Desemba mpaka Aprili, kwa sababu huko mvua ni moja tu, inaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Maua yanaletwa na mvua ileile inayoharibu barabara, na barabara ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57. Kutoka Dar ni mwendo wa siku nzima kufika Mbeya peke yake. Kwa familia yenye mama wa miaka 64 katika safari yao ya kwanza, hapana. Iwekeni akilini kwa miaka ijayo, mwezi wa pili, na gari imara.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Jumamosi moja mwanzoni mwa Juni, masika ikishakauka, chukueni SGR ya asubuhi mwende Morogoro na watoto tu. Pandeni na mwongozaji wa pale mpaka Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani kwenye kama mita 1,300, mkarudi na treni ya jioni au mkalala. Mtajua miguu ya mdogo ina nguvu kiasi gani na kama raba zake zinambana. Halafu wiki ya mwisho ya Juni nendeni Lushoto wote watano, usiku nne, siyo mbili. Mbili mtazimaliza mkisubiri ukungu. Marangu iacheni Desemba ya mwaka unaofuata, tiketi mkikata mapema.

Siku ya kupanda kutoka Mombo, mama mkwe akae mbele. Watoto wasile maandazi ya mafuta kabla ya kona. Wapeni tangawizi ya kutafuna na muwe na mifuko karibu. Mkifika Soni simameni dakika kumi, washuke wasikilize maporomoko na kupumua. Hapo mtakuwa nusu ya njia, na masweta yatakuwa yameanza kuhitajika, kwa hiyo yawe juu ya begi.